Hivi Tunamdanganya Nani Tunaposali?

Semina ilifunguliwa kwa sala. Ilikuwa Morogoro, hotelini, siku mbili, na mada yenyewe ilikuwa utawala bora. Akasimama mama mmoja mwenye sauti nzuri, akaomba kama dakika tano hivi: Mungu atupe hekima, abariki kila kitakachosemwa, aturudishe wote majumbani salama. Tukaitikia amina kwa nguvu. Kabla hata chai ya saa nne haijafika, karatasi ya posho ikaanza kuzunguka. Semina ni ya siku mbili, karatasi ina nafasi ya sahihi za siku tatu. "Sainini zote kabisa, tusije tukasumbuana baadaye," akasema kijana wa uhasibu. Tukasaini. Na mimi nikasaini. Kalamu niliazimwa na yule mama aliyesali.

Simsemi vibaya. Kalamu ilikuwa yake lakini sahihi ilikuwa yangu. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeona uhusiano kati ya ile sala na ile karatasi. Sala ilikuwa ya kufungulia, kama vile wimbo wa taifa unavyofungulia mechi. Ikishaisha, watu wanaingia kazini.

Basi leo hoja yangu ni fupi, na najua kuna watu itawaudhi. Sisi Wakristo vijana wa mjini, tuliosoma, tunasali sana. Na tunasali uongo. Sisemi kwamba tunaomba vitu vibaya. Nasema tunamwambia Mungu mambo ambayo sivyo yalivyo, tunamficha yale yaliyopo, halafu tunashangaa miaka inapita na sala hazitubadilishi hata kidogo. Nazungumzia nyumbani kwetu, kwa hiyo wa dini nyingine wataniwia radhi. Kwao watajisemea wenyewe.

Uongo wenyewe una sura nyingi. Nitaje tatu ninazozijua vizuri kwa sababu zote nimeshazitumia.

Kuna sala ya kuwahutubia majirani. Mtu kafumba macho, kainua mikono, lakini maneno yake yanaelekea kwa aliyekaa benchi la pili. "Bwana, unamjua dada yetu ambaye siku hizi anarudi usiku wa manane, mguse Bwana." Jamani, hapo nani anaambiwa? Mungu anahitaji kupewa ratiba ya huyo dada? Nimewahi kuwa kwenye kikundi cha maombi chuoni ambako habari ya mimba ya mwenzetu tuliipata kwenye sala, yeye mwenyewe akiwa bado hajawaambia wazazi wake. Tulifika tumefumba macho, tukaondoka tumefumbuliwa. Ule ulikuwa umbea. Tofauti na umbea wa saluni ni kwamba wetu uliishia na amina.

Kuna sala ya kukataa kilichopo. Hii imetushika sana. Tumefundishwa kwamba ukisema unaumwa umekiri ugonjwa, ukisema umefulia umeukaribisha umaskini. Nina rafiki yangu aliachishwa kazi. Kwa miezi minne alikuwa anavaa tai kila asubuhi na kutoka nyumbani, kwa kuogopa kwamba kikundi chetu kitaona imani yake imeshuka. Kila Jumatano tulisali naye. Alikuwa anashukuru kwa milango inayofunguka. Tulimwekea mikono tukashukuru naye. Kwa miezi minne, watu kumi na wawili wanaojiita ndugu zake hatukuwahi kumwombea kazi, kwa sababu hatukujua hana! Tulipojua, alikuwa ameshauza friji, na mwenye nyumba ameshampa notisi. Sasa niambie, imani ya namna hiyo ilimsaidia nani?

Halafu kuna sala ya wabaya wangu. Kila aliyesimama njiani kwangu aanguke, kila mdomo unaonisema ufungwe. Bosi akikuuliza kwa nini unachelewa kazini, huyo tayari ni roho ya kuzuia. Dada wa nyumbani akiondoka baada ya miezi mitatu bila kulipwa, katumwa. Tumekuwa watu wa ajabu, watu ambao hatuna makosa, tuna maadui tu. Sikiliza sala zetu kwa wiki nzima uhesabu ni mara ngapi mtu ametaja kosa lake mwenyewe kwa jina. Simaanishi ule wimbo wa jumla wa "tusamehe tulipokosea". Namaanisha kosa lenye jina, tarehe na mtu aliyeumia.

Na wenzangu wa makanisa ya kimya kimya msicheke mkadhani naongelea makanisa ya spika tu. Kuna uongo wa adabu pia. Jumapili kwa Jumapili tunaungama kwa pamoja, kwa maneno yaliyochapwa vizuri, sauti moja, halafu tunakaa. Maneno yale ni mazuri na sina ugomvi nayo. Lakini ninaweza kuyasema yote tangu mwanzo hadi mwisho huku nikiwaza nimeegesha wapi gari. Dhambi zote zimetajwa pale isipokuwa yangu.

Sasa rudi kwenye Biblia yenyewe, ambayo tunapenda kuibeba. Zaburi ziko 150, na nyingi kati ya hizo ni malalamiko. Malalamiko kabisa! Watu wanamuuliza Mungu amelala au vipi, amewasahau mpaka lini. Kasome ile ya 88. Mwandishi wake analia tangu mwanzo, na anamaliza akiwa bado gizani. Hakuna mstari wa mwisho wa kutuliza mambo, hakuna ushuhuda. Na waliokusanya kitabu hawakuitoa. Waliiona kuwa ni sala kamili, ikaimbwa hekaluni. Leo ukisimama ukasali hivyo kwenye kikundi chetu, kuna mtu atakukatiza aanzishe pambio.

Yeremia alimwambia Mungu waziwazi kwamba amemhadaa. Habakuki kitabu chake kinaanza kwa kumlalamikia Mungu kwamba analia na hasikilizwi. Hana alisali kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani mama wa watu kalewa. Bustanini Gethsemane, Yesu hakuanza kwa kusema yuko tayari. Alianza kwa kuomba kikombe kile kimwepuke, kisha ndipo akafika kwenye utii. Sisi tunapenda kurukia ule utii, tukaonekana tumeiva.

Lakini anayenipiga zaidi ni Ayubu. Marafiki zake walikuja na mafundisho safi kabisa, wakimtetea Mungu sura baada ya sura. Ayubu yeye alilalama, akabishana, akataka Mungu aje wakutane kama kwenye kesi. Mwishoni Mungu anasema nini? Anawaambia wale watetezi wake kwamba hawakunena sawasawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Halafu inabidi Ayubu, yule yule mlalamikaji, awaombee wao. Ukisoma hapo taratibu unaona Mungu wa Biblia anavumilia kelele za mkweli kuliko sifa za mnafiki. Sasa sisi kwenye misiba tunamwambia mama aliyezika mtoto asilie, Mungu amempenda zaidi. Tunataka awe rafiki wa Ayubu wakati yeye ni Ayubu.

Halafu kuna yule Farisayo na mtoza ushuru, Luka 18. Tumezoea kumchukulia Farisayo kama mwongo. Hebu angalia tena. Alisema anafunga mara mbili kwa juma, na anatoa zaka ya mapato yake yote. Hakuna mahali panaposema kwamba alidanganya. Yawezekana kila alichokisema kilikuwa kweli tupu. Shida ni kwamba hakuna alichojitaja kinachouma. Sisi waandishi wa habari tunaijua mbinu hiyo. Unaweza kuandika habari ambayo kila sentensi yake ni ya kweli, na habari nzima ikawa uongo, kwa sababu ya kile ulichokiacha nje.

Najua kwa sababu nimefanya.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado mwandishi wa kulipwa kwa habari, nilitumwa pembezoni mwa jiji kwenye mgogoro wa kiwanja. Mama mmoja mjane, kiwanja chake kimeuzwa. Alinikalisha barazani zaidi ya saa tatu, akanipa chai na mihogo, akanitolea karatasi zake kutoka kwenye mfuko wa rambo. Moja ilikuwa hati ya mauziano yenye sahihi ya mume wake. Nyingine ilikuwa cheti cha kifo cha mume huyo huyo. Tarehe ya kifo ilitangulia ile ya mauziano kwa miezi saba. Yaani maiti ilikuwa imesaini. Akaniachia nakala za zote mbili. "Chukua mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayejua zinapopelekwa."

Jioni ile mnunuzi alinipigia simu. Sikumuuliza namba yangu kaipata wapi. Tulikutana mahali penye nyama choma, tukaongea mpira, na wakati wa kuagana akanipa bahasha, "ya usafiri". Ilikuwa laki moja na nusu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili.

Habari niliandika. Pande zote mbili zimezungumza, mjane anasema hivi, mnunuzi anasema ana nyaraka zote. Kila sentensi ya kweli. Sahihi ya maiti sikuitaja. Nilijiambia inahitaji uchunguzi zaidi, na kwamba bila mtaalamu wa maandishi si vizuri kuharakisha. Hoja nzuri kabisa, ya kitaalamu.

Jumapili nikatoa fungu la kumi. Shilingi elfu kumi na tano, kwenye bahasha nyingine, ya kanisa. Nikamshukuru Mungu kwa mlango nisioutarajia. Na nimekaa sana na hili nikisita kuliandika: nilimwombea na yule mama. Nilisali kwamba Mungu awatetee wajane. Nilimwomba Mungu afanye kazi ambayo mimi nilikuwa nimelipwa nisiifanye.

Wiki kama tatu baadaye umeme ulikatika usiku, simu haina chaji, nikakaa kitandani nikaanza sala zangu za kawaida. Baba wa mbinguni, nakushukuru kwa uzima, nakushukuru kwa kunilinda. Maneno yakanigomea. Sijui niseme vipi, yalikuwa kama ya mtu anayesoma taarifa. Nikanyamaza muda mrefu. Kisha nikasema kwa sauti, mwenyewe gizani, kwamba nilipewa laki na nusu nikaficha sahihi ya maiti. Sikuongeza kitu. Haikufika hata dakika moja.

Ningependa kuwaambia kwamba nilijisikia amani. Sikujisikia. Nilijisikia aibu, na nikapata kazi ya kufanya. Nadhani hii ndiyo sababu hasa tunaikwepa sala ya kweli. Sala ya uongo inakuacha ulipo, umefurahi. Sala ya kweli inakutuma mahali.

Mimi ilinituma kwa mhariri, aliyenisikiliza mpaka mwisho na kuniambia habari ile imeshapoa. Ikanituma kwenye kituo cha msaada wa sheria na zile nakala. Ikanituma kwa yule mama, na hapo ndipo miguu ilikuwa mizito. Ukuta wa yule mnunuzi ulikuwa umeshasimama, umebakiza kupigwa lipu. Nilimweleza yote barazani pale pale. Alinyamaza, kisha akasema, "Ile karatasi nilikupa kwa sababu baba yao hawezi kuja kujisemea." Hakusema amenisamehe. Alisema ataniombea, na kwa kweli niliogopa, kwa sababu huyu anajua nilichofanya, na akisali atakitaja. Kesi yake ilikwenda baraza la ardhi ikachukua miaka. Alichopata mwishoni ni nusu ya alichostahili. Nusu ile nyingine kuna mahali ina jina langu.

Kuna watakaosema nimejikita mno kwenye hisia zangu. Haya, tuangalie historia. Neno "mlokole" tunalolitumia siku hizi, mara nyingi kwa kejeli, limetoka kwenye Kiganda, "balokole", yaani waliookoka. Ndivyo walivyoitwa watu wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, kwenye miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Walijulikana kwa nini? Kwa kuungama makosa kwa majina yake, na kurudisha. Watu walirudisha vitu vilivyoibwa na kulipa madeni ya zamani. Waafrika na wamisionari waliambiana ukweli ambao ukoloni haukuruhusu. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi na akaikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, alisimulia mwenyewe jinsi sala ilivyompandisha baiskeli kwenda kwa mmisionari Mwingereza aliyekuwa akimchukia, ili akamwombe msamaha. Ona hiyo, sala iliyoishia kwenye baiskeli! Harakati ile ilikuwa na kasoro zake. Mahali pengine kuungama kuligeuka fasheni, na wengine wakawa mahiri wa kuungama dhambi za wenzao. Lakini mlokole wa kwanza alitambulika kwa kile alichokirudisha. Wa leo tunatambulika kwa nini?

Najua majibu mnayotaka kunipa, na nitayagusa.

Utasema Mungu anajua kila kitu, sasa kumwambia kuna faida gani? Hasa kwa sababu anajua! Kama anajua, basi kumpamba na kumficha ni kazi ya bure, na anayedanganywa hapo ni wewe peke yako. Ile laki na nusu yeye alikuwa anaijua. Mimi ndiye niliyekuwa nimefaulu kuisahau.

Utasema kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani. Sivyo. Mtu hamlalamikii asiyemwamini kwamba yupo. Mtoto anayemlilia mama yake anaamini mama anasikia. Ukikata tamaa kabisa na mtu, unaanza kumwongelesha kwa adabu nyingi na maneno machache. Angalia ndoa za watu.

Utasema nawacheka watu wenye shida, wanaopiga kelele usiku kucha kwenye mikesha. La hasha. Bartimayo kipofu wa Yeriko alipiga kelele, akaambiwa anyamaze, akazidisha. Na alipoulizwa anataka nini, alijibu moja kwa moja: kuona. Kelele hazina kosa. Nimewasikia akina mama kwenye mikesha wakilia ukweli ambao ungekunyamazisha. Ugomvi wangu ni na uongo, uwe wa spika au wa kunong'ona.

Utauliza kama nataka kila mtu asimame aanike dhambi zake hadharani. Hapana. Yesu mwenyewe aliwaambia watu waingie chumbani wafunge mlango. Nadhani alijua kwamba mbele ya watu ni vigumu sana kutosema uongo. Anzia huko ndani, na usishangae kama mwanzoni hata huko utadanganya. Agustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria, aliandika kitabu kizima akiongea na Mungu, Maungamo, kati ya mwaka 397 na 400 hivi. Humo anakiri kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa maisha huku akitamani jibu lichelewe kidogo. Alikuwa askofu wakati anaandika hayo! Alijua waumini wake watasoma.

Kwa hiyo nifanyeje, utaniuliza. Mimi si mchungaji, ni mwandishi, na nimetumia chombo cha kazi yangu. Ignasi wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, aliwafundisha watu kuipitia siku yao mbele ya Mungu, saa kwa saa, wakishukuru na kujihoji. Nami usiku naacha simu chumba kingine, nakaa robo saa, naihoji siku yangu kama ninavyomhoji waziri. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Nani nimemuumiza leo? Nini nimekiacha nje ya habari? Kwa nini nilikasirika pale? Lini nilifurahi, na nimeshashukuru? Siku nyingine jibu ni kwamba nimemkasirikia Mungu mwenyewe, basi namwambia hivyo. Siku nyingine sina la kusema, nakaa tu kimya. Kanuni yangu ni moja: siruhusiwi kusema kitu ambacho nisingethubutu kukichapisha kwa jina langu kwamba ni kweli.

Narudi Morogoro. Nadhani sala iliyotufaa siku ile ilikuwa ya maneno machache sana: Mungu, tusaidie tusaini siku tulizokuja tu. Fikiria mtu asimame aisali hiyo kwa sauti, mbele ya mwenyekiti na mhasibu, kabla ya chai. Nusu ya ukumbi ungekohoa. Lakini kama sala hiyo hatuwezi kuisali, basi tusifungue semina kwa sala. Tufungue kwa chai, tusaini, tule posho, na tumwache Mungu nje ya karatasi zetu.

Mwezi ujao nina semina nyingine. Nimeshaamua, safari hii nitakwenda na kalamu yangu mwenyewe.